Nani akae juu? Uchambuzi wa mshazari wa bendera ya Tanzania

Nilikuwa nimeshashuka ngazi, brashi zimeshalowekwa kwenye mafuta ya taa, pale mzee mmoja, mlinzi wa shule, aliposimama nyuma yangu akautazama ukuta kimya. Bendera niliyoichora ilikuwa na kimo cha sentimita 120 na urefu wa 180. Utepe mweusi ulikuwa umenyooka, mistari ya manjano safi, hakuna mchirizi hata mmoja. Akasema, "Kazi nzuri, Mwalimu. Lakini mbona bahari umeiweka juu?"

Nikarudi nyuma hatua tatu, nikaona. Buluu ilikuwa juu upande wa mlingoti, kijani chini. Nilikuwa nimeichora bendera ya taifa kichwa chini, tena kwenye ukuta ambao watoto wangeupita kila asubuhi wakienda mstarini. Kosa lilianzia kwenye karatasi. Mchoro wangu wa penseli ulikuwa na vipimo vyote, ila sikuwa nimeandika mlingoti uko upande gani. Nikaushika kinyume wakati wa kuanza, na mchoro wenyewe haukunistua, kwa sababu ukiuzungusha nusu duara kila umbo linarudi pale pale lilipokuwa. Zinazohama ni rangi mbili tu.

Kila mwaka huwa naandika ubaoni orodha ile ile ya misingi ya sanaa: mstari, umbo, rangi, uangavu, nafasi, umbile. Chini yake naandika kanuni: mizani, uwiano, mkazo, mwendo, mdundo, umoja. Wanafunzi wanaikariri kama majedwali ya kuzidisha na wanaijibu vizuri kwenye mtihani. Jioni ile, nikiwa nimekaa mbele ya ukuta uliokosewa, niligundua kwamba sijawahi kuisoma bendera yetu kwa orodha hiyo, ingawa nimeichora tangu nikiwa darasa la tatu. Nikaanza kuisoma. Niliyoyakuta nayaandika hapa, kwa sababu naamini hii ni moja ya kazi safi kabisa za usanifu zilizopata kufanywa katika nchi hizi, na tunaitazama kila siku bila kuiona.

Bendera mbili, nguo moja

Tarehe 22 Aprili 1964 Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano. Tarehe 26 nchi ikawa moja. Bendera ya Muungano ilianza rasmi tarehe 30 Juni mwaka huo huo, na jina la Tanzania likatangazwa tarehe 29 Oktoba. Kwa maneno mengine, kwa miezi kadhaa nchi ilikuwa na sura kabla haijapata jina tunaloliita leo. Bado iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina ambalo halikufanya zaidi ya kuziweka nchi mbili ubavu kwa ubavu na kuzifunga kwa neno "na". Bendera haikuweza kufanya hivyo, maana kitambaa hakina "na".

Mezani palikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni bendera ya Tanganyika ya tangu tarehe 9 Desemba 1961, ile aliyoipandisha Alexander Nyirenda kileleni Kilimanjaro usiku wa uhuru. Ilikuwa na fito za mlalo: kijani, nyeusi, kijani, rangi za chama cha TANU, na kati ya nyeusi na kila kijani mstari mwembamba wa manjano. Ukihesabu na hiyo mistari, ni vipande vitano. Cha pili ni bendera ya Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, yenye fito tatu pana za mlalo katika rangi za chama cha Afro-Shirazi: buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini.

Tazama jinsi zinavyofanana. Zote mbili ni fito za mlalo, zote zina nyeusi katikati, zote zina kijani. Mtu wa haraka angesema kazi ni nyepesi. Mimi naona kufanana huko ndiko kulikoifanya iwe ngumu, kwa sababu vitu vinavyofanana sana ukivichanganya, kimoja kinamezwa na kingine.

Jaribu mwenyewe kwa kalamu za rangi. Chukua bendera ya Tanganyika, futa kijani cha chini, weka buluu ya Zanzibar mahali pake. Unapata kijani, manjano, nyeusi, manjano, buluu. Inapendeza. Sasa isome kutoka chini kwenda juu: buluu, nyeusi, kijani. Umeitundika bendera ya Zanzibar kichwa chini na kuipaka mistari ya manjano. Mabaharia wa zamani walipandisha bendera kichwa chini kuashiria kwamba chombo kiko hatarini, na Zanzibar ni nchi ya mabaharia. Basi fanya kinyume, weka buluu juu badala ya kijani cha juu. Unapata buluu, manjano, nyeusi, manjano, kijani. Sasa Zanzibar iko wima kabisa, na Tanganyika imebaki mistari miwili ya manjano.

Hakuna njia ya tatu ndani ya mlalo. Fito za mlalo huwa na juu na chini, na macho ya watu wote hapa duniani hujua juu ni wapi.

Njia nyingine ya kuunganisha bendera ni kuweka moja ndogo kwenye kona ya nyingine. Watu wa Tanganyika walikuwa wakiijua vizuri kona hiyo. Bendera ya enzi ya Waingereza ilikuwa nyekundu, ina kichwa cha twiga, na kwenye kona ya juu upande wa mlingoti imekaa bendera ya Uingereza. Yeyote aliyeishi chini yake alijua anayekaa kwenye kona ile ni nani na twiga ni nani. Kuirudia kona hiyo miaka mitatu tu baada ya uhuru kungekuwa na maana yake.

Waingereza wenyewe, walipounganisha bendera za Uingereza na Uskochi mwaka 1606, walipachika msalaba juu ya msalaba. Manahodha wa Uskochi walilalamika mara moja kwamba msalaba wa Waingereza umeukalia wa kwao. Mwaka 1801, msalaba mwekundu wa Ireland ulipoongezwa, ilibidi mwekundu na mweupe wa Uskochi wapokezane nafasi, kila mmoja awe juu ya mwenzake sehemu moja na chini sehemu nyingine. Matokeo yake ni bendera ambayo hata leo watu wengi huitundika kichwa chini bila kujua. Nalitaja hili si kwa kuwacheka. Nilifanya lile lile kwenye ukuta wa shule.

Kuinamisha

Suluhisho la 1964 lilikuwa na hatua mbili. Kwanza, kipande kimoja kati ya vitano kilibadilishwa rangi: kijani kimoja kikawa buluu. Pili, vipande vyote vilitolewa kwenye mlalo vikalazwa mshazari, kutoka kona ya chini upande wa mlingoti hadi kona ya juu upande wa pili. Basi. Hakuna nyota, hakuna ngao, hakuna mnyama.

Hiyo hatua ya pili ndiyo inayonifanya niipende kazi hii. Mstari wa mlalo umetulia kama upeo wa bahari. Mstari wa wima umesimama kama nguzo. Mshazari uko katikati ya kuanguka na kuinuka, kwa hiyo jicho halikubali kutulia juu yake, linaufuata. Tunachokiita mwendo katika kanuni za sanaa ni hicho. Lakini hapa mshazari umefanya kazi kubwa zaidi ya kutia mwendo: umelifuta swali la nani akae juu.

Hesabu makali manne ya kitambaa. Ukali wa juu una kijani, manjano, nyeusi. Ukali wa mlingoti una kijani, manjano, nyeusi. Ukali wa chini una nyeusi, manjano, buluu. Ukali wa upande unaopepea una nyeusi, manjano, buluu. Kijani imepata makali mawili, buluu makali mawili, na nyeusi pamoja na manjano zimefika kwenye yote manne. Pembetatu ya kijani na ya buluu ni sawa kwa umbo na kwa eneo. Ukikata moja kwa mkasi na kuizungusha, inalala juu ya nyenzake bila kubakiza hata uzi. Visiwa vya Zanzibar havifiki hata asilimia 1 ya eneo la nchi. Kwenye bendera, rangi iliyotoka visiwani ina ukubwa ule ule wa rangi iliyo kinyume chake.

Mizani ya namna hii ni tofauti na ile ya bendera ya Tanganyika. Ile ilikuwa ya kioo: nusu ya juu ni kivuli cha nusu ya chini, kama uso wa mtu unavyolingana kushoto na kulia. Hii ya Muungano ni ya kuzunguka, kama pangaboi. Mizani ya kioo hutuliza. Ya kuzunguka hushikilia vitu viwili vinavyovutana, kila kimoja kikimzuia mwenzake asianguke. Kwa nchi mbili zilizoungana na kila moja ina historia yake, sioni mizani nyingine ambayo ingefaa zaidi.

Nitasema na lililo kinyume, kwa kuwa anayeichambua kazi kwa kuisifu tu hajaichambua. Mifupa ya bendera hii ni ya Tanganyika. Vipande vitano, nyeusi ikisindikizwa na manjano mbili, vimetoka bara. Na kona ya juu upande wa mlingoti, ambayo kwa desturi za bendera ndiyo kona ya heshima, imekaliwa na kijani. Kwa upande wa pili, buluu imepewa sehemu inayopepea. Upepo ukivuma, sehemu ya mlingotini haitikisiki sana. Inayocheza, inayosikika ikipiga makofi, ni ile ya mwisho. Mtu akiwa mbali, anachokiona kikisogea ni buluu. Sijui kama ungemwambia mchoraji achague mwenyewe, angechagua kona ya heshima au upepo.

Na usisahau kwamba maana rasmi za rangi zimekwepa kuzigawa. Kijani ni ardhi na uoto, manjano ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni bahari, maziwa na mito. Hakuna iliyoandikwa "bara" wala "visiwani". Aliye Mwanza ana buluu yake ya Ziwa Victoria, na aliye Pemba ana kijani chake cha mikarafuu. Rangi zilizoletwa na pande mbili zikavuliwa uenyeji.

Mistari ya manjano

Wanafunzi wangu wakichora bendera kwa haraka, kitu cha kwanza wanachokiacha ni manjano. Wanaiona kama pambo. Ningependa niishi hapa kidogo, kwa maana bila hiyo mistari miwili kazi yote inaporomoka.

Chukua picha ya bendera kwenye simu, uiondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Nimefanya hivyo mara nyingi darasani. Kijani na buluu, zile za kawaida zinazotumika, zinageuka kijivu kinachokaribiana mno, huwezi kutofautisha kirahisi ipi ni ipi. Uangavu wao ni karibu sawa. Hilo lina faida kubwa: hakuna pembetatu inayoonekana nzito kuliko nyingine, mizani inasimama hata rangi zikiondoka. Nyeusi inabaki nyeusi. Na kati ya kijivu na nyeusi, mistari miwili inawaka karibu na nyeupe.

Fikiria magazeti ya 1964, yaliyochapwa kwa wino mweusi peke yake. Bendera hiyo iliweza kutambulika pale bila rangi hata moja: utepe mweusi wa mshazari uliozungukwa na mwanga pande zote mbili. Bila manjano, ungeona kijivu cha kati kikigusana na nyeusi, na picha ikichapwa vibaya kidogo, doa moja.

Watengeneza ngao na bendera wa Ulaya ya kale walikuwa na sheria kuhusu jambo hili. Waligawa rangi katika makundi mawili: za madini, yaani dhahabu na fedha, ambazo ni manjano na nyeupe, na za kawaida, kama nyekundu, buluu, kijani na nyeusi. Rangi ya kawaida isikae juu ya rangi ya kawaida, walisema. Itenganishe na madini. Walikuwa wanatengeneza alama za kutambuliwa kutoka mbali, na walikuwa wamegundua kwa macho kwamba giza likigusana na giza, mpaka unapotea. Kenya mwaka 1963 ilifanya vivyo hivyo: nyeusi, nyekundu na kijani, na mistari myembamba myeupe katikati yake.

Kuna sababu nyingine, nayo inahusu nyeusi na buluu. Karne ya 19 mkemia wa Ufaransa aliyeitwa Michel-Eugène Chevreul alisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, Paris. Wafumaji walimlalamikia kwamba nyuzi nyeusi zilizowekwa karibu na buluu na zambarau zinaonekana zimechuja. Alizipima, akazilinganisha na nyeusi za kwingine, hakuona kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye jicho. Rangi inayokaa jirani na nyingine inaivuta, na buluu inaitia nyeusi wekundu-manjano hafifu unaoifanya ionekane imechakaa. Aliyachapisha matokeo yake mwaka 1839. Sasa rudi kwenye bendera: nyeusi yetu ina jirani wa buluu upande mmoja na wa kijani upande mwingine. Kama zingegusana, utepe mmoja ule ule ungesoma tofauti kwenye makali yake mawili. Manjano inakata ujirani huo. Nyeusi inabaki nyeusi kamili, ukali hadi ukali.

Ndiyo maana pia mkazo wa bendera umekaa kwenye nyeusi, wala haukuhamia kwenye manjano ingawa manjano ndiyo inayong'aa zaidi. Manjano ni nyembamba. Inafanya kazi ya wanja: haionekani yenyewe, inalifanya jicho lionekane. Ukiinenepesha, kama nilivyowahi kuona kwenye mabango kadhaa, inageuka kuwa njia ya kupita na nyeusi inakuwa shimo katikati yake. Uwiano hapo ndipo unapoamua.

Pembe isiyo ya 45, na mshono usiokubali

Kosa la pili la wachoraji ni kudhani mshazari ni nusu ya pembe mraba. Bendera yetu ina uwiano wa 2 kwa 3, kimo kwa urefu. Kwa hiyo ulalo wake unainuka kwa nyuzi kama 34, na kwenye ukuta wangu wa 120 kwa 180 ulikuwa na urefu wa takriban sentimita 216. Ukipiga 45, utepe unagonga ukali wa juu mapema na kijani inabanwa.

Utepe wenyewe nao hupimwa vibaya. Mtu anataka upana wa sentimita 30, anapima 15 kutoka kona kwenda juu, 15 kutoka kona kwenda pembeni, anaunganisha. Anachopata ni utepe mwembamba, tena uliopinda kuelekea pembe nyingine. Upana hupimwa kwa kukatiza utepe moja kwa moja. Ukiushusha upana huo kwenye makali, nusu yake, sentimita 15, inakuwa 18 kwenye ukali wa wima na 27 kwenye ukali wa mlalo. Angalia hizo namba: 18 kwa 27 ni 2 kwa 3, uwiano ule ule wa bendera nzima. Tangu nilipoliona hili, sipimi pembe tena. Natia alama kwa 2 na 3, navuta kamba yenye chaki kutoka alama hadi alama, naachia, na mstari unalala sambamba wenyewe.

Mafundi cherehani wana shida yao tofauti, nao wanaijua kuliko sisi wa brashi. Kitambaa kina nyuzi za wima na za mlalo, na ukikikata kufuata nyuzi hakivutiki. Ukikikata mshazari, neno ambalo wao wenyewe hulitumia kila siku kwenye sketi na kola, kinavutika. Bendera ya fito za mlalo inashonwa kama shuka. Ya kwetu ina mishono minne mirefu, yote kwenye upande unaovutika, kwa hiyo fundi asipobana vizuri utepe unafanya mawimbi, na baada ya mvua mbili kona ya chini inaanza kuning'inia. Nyingi za siku hizi huchapwa, wala hazishonwi, na tatizo hilo limepungua.

Gharama yake

Sasa narudi kwenye ukuta wangu. Bendera ya Tanganyika haikuweza kutundikwa kichwa chini. Igeuze utakavyo, ni kijani, nyeusi, kijani. Bendera ya Muungano ikigeuzwa, mshazari unabaki ukipanda kutoka kushoto kwenda kulia kama kawaida, utepe mahali pake, pembetatu mahali pake. Umbo halimwambii mtu kwamba amekosea, ni rangi tu ndizo zinazosema. Mizani ya kuzunguka ndiyo iliyolimaliza swali la juu na chini, na mizani hiyo hiyo ndiyo inayomfanya mtu aliyechoka, saa kumi na moja jioni, aweke bahari juu. Siwezi kuitenganisha faida na gharama yake. Zimetoka kwenye umbo moja.

Kosa jingine, la kuupindua mshazari ushuke kutoka kona ya juu ya mlingotini, huonekana kwa haraka zaidi. Trinidad na Tobago, iliyopata uhuru mwaka 1962, ina mshazari wa namna hiyo, mweusi wenye kingo nyeupe kwenye nyekundu, nao unapendeza kwao. Wetu ukishuka, unaonekana umeanguka. Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi aliyesoma madrasa: "Mwalimu, kwa anayesoma kutoka kulia, si mstari unashuka?" Swali zuri. Nilimpeleka nje tukaitazama bendera ikipepea, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili. Kwa nyuma, mlingoti uko kulia, na mstari unaanzia kulia chini unapanda kwenda kushoto juu. Kitambaa hakina kushoto na kulia, kina mlingoti na ncha. Mwanzo ni mlingoti, na kutoka hapo mstari unapanda, utazame ukiwa upande wowote.

Mshazari haukubuniwa hapa. Congo ya Brazzaville ilikuwa nao tangu 1959. Baada yetu umetumika Namibia mwaka 1990, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 2006, wenye utepe mwekundu uliokingwa na manjano kwenye buluu ya anga. Unaonigusa zaidi ni wa Saint Kitts na Nevis wa 1983: kijani, nyeusi iliyopakana na manjano, nyekundu. Nayo ni nchi moja yenye pande mbili, na kwenye utepe mweusi wameweka nyota mbili nyeupe. Rasmi nyota hizo ni matumaini na uhuru, lakini jicho huzihesabu kama pande mbili. Sisi hatukuhesabu.

Zanzibar ilipojipatia tena bendera yake mwaka 2005, ilirudi kwenye buluu, nyeusi na kijani za mlalo, na kwenye kona ya juu upande wa mlingoti ikawekwa bendera ya Muungano, ndogo. Ile kona iliyoepukwa 1964 imetumika. Kama mchoraji, ninachokipenda pale ni kwamba bendera ya Muungano inasomeka hata ikiwa ndogo namna hiyo juu ya rangi ambazo ni zake mwenyewe. Buluu juu ya buluu ingeyeyuka. Manjano ndiyo inayoiokoa, mistari miwili tu.

Nilirudi shuleni Jumamosi iliyofuata. Nilidhani nitabadilisha pembetatu mbili na kuondoka, maana utepe ulikuwa sawa. Kijani juu ya buluu ilihitaji mikono mitatu ya rangi kabla buluu haijaacha kuchungulia. Buluu niliibadilisha pia: niliyotumia mwanzo ilikuwa nzito, ya kina kirefu cha bahari, na kwa mbali ilikuwa ikishikana na nyeusi, nikachanganya nyeupe hadi ikalingana na kijani nilipokunja macho. Mzee alileta kiti akakaa kivulini. Makali yalikuwa yameichafua manjano, ikabidi niipake upya yote, mistari miwili ya zaidi ya mita moja na nusu kila mmoja, kwa brashi ya kidole kimoja. Nilipomaliza wa pili alisimama, akautazama ukuta, akaenda kufungua geti kwa sababu saa yake ilikuwa imefika.